Mshenga wa Deni

Kijiji kizima cha Buganguzi kilijua kwamba Felicitas haombi chumvi. Chumvi ikimwishia alikula ndizi zake bila chumvi, na ukimkuta anakula hivyo alikuambia ndivyo anavyozipenda.

Alikuwa mwanamke mrefu, shingo imesimama, kitenge hakikunjamani hata akitoka kupalilia. Alimaliza shule ya msingi enzi ambazo msichana akimaliza, baba yake alialika watu. Mpaka leo somo la kwanza kanisani akilisoma yeye, hata wazee wenye masikio mazito wanasikia. Mumewe Ildefons alipofariki, ndugu walikuja kumwuliza kama ataweza kukitunza kibanja peke yake, yaani shamba lile la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, ambamo Ildefons mwenyewe amezikwa. Felicitas akawajibu, "Kwani alipokuwa hai nani alikuwa anakitunza?" Wakanywa pombe yao ya rubisi, wakaenda.

Mtu wa namna hiyo akiingia kwenye deni, huingia na shingo ikiwa juu vilevile, na hapo ndipo ubaya ulipo.

Deni lilitokana na Nancy, kitinda mimba wake. Nancy alipoposwa na kijana wa Bukoba mjini, Felicitas alisema binti yake hataondoka nyumbani kama mtu aliyefukuzwa. Likaja hema, vikaja viti vilivyovalishwa vitambaa, ukaja muziki uliosikika mpaka ng'ambo ya bonde, na akachinjwa ng'ombe mahali ambapo wengine wangechinja mbuzi. Watu walikula, wakafungasha. Waliosema kukopa harusi kulipa matanga walisema kwa mfano tu. Felicitas alikopa harusi yenyewe.

Fedha alizitoa kwenye kampuni moja ya mikopo pale Muleba mjini, miongoni mwa zile ambazo watu wanaziita kausha damu. Mwanzoni alilipa vizuri, kwa ndizi. Kisha mnyauko ukaingia kibanjani, migomba ikawa inageuka njano kama imemwagiwa maji ya moto, na ndizi za kuuza zikakosekana. Akakosa rejesho, ikaja faini. Akakopa kidogo kwenye simu ili alipe faini. Akawa anachimba shimo ili kufukia shimo.

Ndipo simu zikaanza. Kulikuwa na sauti moja ya kiume iliyokuwa inajitambulisha kwa jina la Mwesiga, nzito, isiyo na haraka, na Felicitas aliichukia kuliko radi. Ukaja pia ujumbe kwamba asipolipa watajulishwa watu wake wa karibu. Alipousoma aliona mbele ya macho yake simu ya paroko ikilia katikati ya misa. Akaizima sauti ya simu, akaifukia ndani ya chungu cha maharage, akafunika.

Kuna mtu mmoja aliyekuwa karibu kuliko wote, na huyo ndiye hakutaka kabisa ajue. Ni Kokubanza, dada wa Ildefons, aliyeachika zamani akarudi kwao, na kibanja chake kimepakana na cha Felicitas. Wawili hao walikuwa wakiumana kwa maneno tangu Felicitas aletwe pale akiwa bibi harusi. Siku ya sherehe ya Nancy, Kokubanza alisimama mbele ya yule ng'ombe, akamtazama kwato mpaka pembe, akasema kwa sauti watu wasikie, "Huyu naye amekula majani ya nani?" Watu walicheka. Felicitas hakusahau. Unadhani mtu kama huyo utamwendea umwambie kwamba alikuwa na haki ya kuuliza?

Basi siku moja redio ikatangaza kwamba iko kampuni Bukoba, mtaa wa Kashai, inayosaidia watu waliolemewa na madeni. Felicitas akamwambia wifi yake anakwenda kumsalimia Nancy. Akaenda Kashai kweli, tena akapita karibu kabisa na vyumba alivyopanga Nancy na mumewe, lakini alipita upande wa pili wa barabara, khanga ameivuta usoni kama mwenye jino bovu.

Ofisi ilikuwa ghorofani juu ya duka la dawa. Alimpokea kijana mwenye tai, jina lake Buberwa, mwenye maneno laini kama ndizi iliyoiva.

"Karibu, mama. Karibu, waitu. Kaa. Hapa umefika nyumbani," akasema, na lile "waitu" la heshima la Kihaya akalivuta.

Alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa huruma, halafu akasema, "Mama, umeteseka sana. Kuanzia leo wewe hutazungumza nao tena. Sisi ndio mdomo wako."

Neno hilo lilimwingia Felicitas. Maana yeye amekulia mahali ambapo mtu hajisemei jambo zito. Ukitaka mke, unatuma mshenga. Ukimkosea mzee, unatafuta mtu wa kwenda kukuombea. Kujisimamisha mwenyewe na kusema shida yako ni kama kuvua nguo sokoni. Akamwangalia yule kijana na tai yake, akawaza: kumbe siku hizi hata deni lina mshenga.

"Na watu hawatajua?"

"Hata mzee nyumbani hatajua."

"Mzee nyumbani yuko kaburini."

Kijana akakohoa. "Pole, mama. Nina maana hakuna atakayejua."

Masharti yalikuwa mafupi. Laki tatu za usajili, zilipwe kwanza ndipo kazi ianze. Na kuanzia siku hiyo asiwalipe wale wa Muleba hata shilingi, wala asipokee simu zao, ili asiharibu mazungumzo. Tena afanye upesi, kwa sababu Ijumaa ikipita bei inapanda.

Felicitas akasema ataleta. Alishuka ngazi akijisikia mwepesi kama aliyetoka kuungama. Wepesi ule ulimfikisha stendi tu. Alipokaa kusubiri gari ndipo alipojiuliza laki tatu atazitoa wapi, na jibu likaja lenyewe, naye hakulipenda.

Kahawa zilikuwa zimechanua. Baada ya mvua zile za kwanza, kibanja kizima kilikuwa cheupe na harufu inakuita tangu njiani. Na pale Buganguzi alikuwepo Rugaibula, mzee mwenye kofia ya kijivu, ambaye kazi yake ilijulikana na haikutajwa: alinunua butura. Butura ni kuuza kahawa ingali ua. Unapewa hela leo, kwa bei ya mnunuzi, na msimu ukifika anakuja kuvuna mali yake huku wewe umekaa barazani unatazama. Serikali imekataza, na kanisani wamekemea. Marehemu Ildefons alikuwa akisema, "Anayeuza ua amekula mbegu," na hata mwaka ule bei ya kahawa ilipoanguka mpaka watu wakang'oa miti kupanda maharage, yeye hakuuza ua hata moja.

Felicitas alijua akiuza, mwaka mzima unaofuata hana kahawa, na bila kahawa hana kitu. Lakini sauti ya Mwesiga ilikuwa inamlia masikioni hata simu ikiwa ndani ya maharage. Akampelekea Rugaibula salamu aje kuona.

Rugaibula akaja mchana, mikono nyuma, akapita mti kwa mti akiinua kidevu. Mwisho akataja bei ambayo ingetosha ile laki tatu na kubaki nauli, akasema kesho asubuhi ataileta mkononi. Akatoka kwa njia ya nyuma.

Sasa njia ya nyuma inapita kwa Kokubanza.

Jua halijageuka vizuri, Kokubanza huyo, anaingia jikoni bila kubisha hodi, na kisu chake cha kumenyea mkononi. Akavuta kigoda, akachukua ndizi kwenye mkungu wa mwenzake, akaanza kumenya.

"Wifi," akasema, "mtu anayetazama maua ya kahawa, na hafugi nyuki, huyo ana jambo."

"Alikuwa anapita."

"Alikuwa anapita akihesabu. Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa."

"Nani amefungwa?"

"Kokubanza, menya ndizi."

"Namenya. Ila nikimaliza mkungu huu hujaniambia, nitamwuliza Rugaibula mwenyewe, tena njiani, tena kwa sauti yangu hii unayoijua."

Felicitas aliijua. Akachukua kisu naye akamenya, maganda yakirundikana. Halafu, bila kuinua uso, akaanza kusema. Alisema yote: hema, muziki, ng'ombe, mnyauko, simu, Bukoba, kijana mwenye tai. Alipofika kwa ng'ombe alinyamaza kidogo akisubiri kicheko. Hakikuja. Kokubanza alikuwa amesimamisha kisu.

"Yule ng'ombe," akasema taratibu, "alikuwa mtamu. Nilifungasha."

"Nilikuona."

"Basi nami nina mfupa kwenye deni hilo." Akaendelea kumenya. "Hebu nieleze huyo mshenga wako wa Bukoba. Anatoka nyumba gani?"

"Sikumwuliza."

"Ukoo wake?"

"Kokubanza, ile ni ofisi."

"Mshenga wa kaka yangu alipokuja kwenu kukuposa, alilipwa nini kabla hajafungua mdomo?"

Felicitas akatabasamu bila kutaka. Alikumbuka vizuri. Yule mzee alifika kwao na matope mpaka magotini, baba yake akamwambia hakuna msichana hapa, rudi ulikotoka. Akarudi. Akaja tena, akaambiwa tena. Mara ya tatu akapewa kigoda. "Hakulipwa kitu. Alitukanwa."

"Alitukanwa mara mbili, na bado alikuja! Alikuja kwa sababu alimjua Ildefons tangu anatambaa, na aibu ya Ildefons ilikuwa aibu yake. Huyo wako ukishindwa atatukanwa na nani? Na wewe umeona wapi mshenga anamwambia bwana harusi, usionekane ukweni, usipeleke hata kibuyu cha pombe, kaa kimya mpaka nikuambie? Si wataozesha msichana kwa mwingine?"

Hilo lilimgusa Felicitas mahali. Maana hata yeye, pale stendi, jambo la kuambiwa asilipe lilikuwa limemkwaruza.

"Mpigie," Kokubanza akasema. "Mwambie aje. Aje hapa, atafune kahawa kama mgeni yeyote, aseme yeye ni mtoto wa nani. Akija, mimi mwenyewe nitakuongezea hizo hela."

Simu ikafukuliwa. Felicitas akaipangusa vumbi la maharage, akapiga, akabonyeza spika.

"Mama yangu!" sauti ya Buberwa ikajaa jikoni. "Umeshatuma?"

"Bado, mwanangu. Nilikuwa nataka uje kwanza Buganguzi, uone nyumba unayokwenda kuisemea."

"Ah, mama, sisi hatuendi vijijini. Kazi yetu ni ya simu na kompyuta. Wewe tuma tu."

"Na wale wa Muleba wakikataa, hela yangu inarudi?"

"Ile ni ya usajili, mama. Usajili haurudi. Lakini hawatakataa."

"Umeshawahi kuzungumza nao?"

Magari ya Kashai yakasikika kwa mbali. "Mama, nani yuko hapo na wewe? Nilikuambia jambo hili ni siri."

Kokubanza akasogeza mdomo kwenye simu. "Yuko shangazi wa bibi harusi," akasema. "Habari za huko?"

Simu ikakatika.

Wanawake wawili wakatazamana. Kisha Felicitas, aliyekuwa hajacheka tangu migomba iugue, akacheka mpaka akashika ubavu, na machozi yakatoka, mengine ya kicheko na mengine ya jambo jingine. Kokubanza hakumwangalia. Alimalizia ndizi.

Asubuhi Rugaibula alifika na hela zake ndani ya kofia. Ziliwekwa mezani, noti nyekundu zimelala moja juu ya nyingine, na usiseme hazikumvuta. Felicitas alizitazama. Halafu akatazama nje ya mlango, kwenye miti ya Ildefons, ambayo nyuki walikuwa wameshaanza kuifanyia kazi.

"Mzee, umepoteza muda wako bure. Nisamehe. Maua hayauzwi."

"Jana yaliuzwa."

"Jana yalitazamwa."

"Mama Nancy, wengi wanaanza hivyo. Mwezi ujao utanitafuta, na bei itakuwa nyingine."

"Nikikutafuta, usije," Felicitas akasema. "Chukua kofia yako, waitu, kuna umande."

Alipoondoka, Felicitas akaketi. Sasa hakuwa na hela ya Bukoba wala ya Muleba. Alikuwa na wifi tu.

Wakaenda Muleba siku hiyohiyo. Kokubanza alivaa kitenge chake cha Pasaka, na kwapani alibana kikapu kidogo cha ukili chenye kahawa za kutafuna, zile zinazochemshwa na majani ya viungo zikaanikwa. Nyumba ya Mhaya ikipata mgeni, hata kabla ya maji, mgeni hupewa punje. "Za nini ofisini?" Felicitas alimwuliza njiani. "Za mdomo," akajibiwa.

Ofisini waliomba kumwona Mwesiga. Felicitas alijikaza kumpokea mtu mnene wa kutisha. Akatokea kijana mwembamba, shingo kama ya jogoo anayekua, pua imeziba kwa mafua yasiyoisha. Kumbe uzito ule wa sauti ulikuwa mafua! Akaamkia, "Shikamooni, mama zangu," akawavutia viti.

Kokubanza hakukaa. "Sisi tumetoka Buganguzi," akaanza, kama aliyesimama kwenye ua wa watu. "Hatukuja kukopa, wala hatukuja kulia. Mimi ni dada wa marehemu, mume wa huyu unayemwona. Nimekuja kuwa mdomo wake. Kabla sijasema, chukua kahawa."

"Mama, hapa haturuhusiwi kupokea kitu kwa mteja."

"Punje moja ni rushwa? Bibi yako alikuwa anakaribisha wageni kwa nini, kwa biskuti?"

Wenzake mezani wakacheka. Mwesiga akatazama mlango wa meneja, akachukua punje, akatafuna. Na mtu akishatafuna kahawa yako, hawezi tena kukusemesha kama mgeni.

Kokubanza akasema. Hakuficha ng'ombe wala hema. Alisema migomba ilivyokufa, alisema kahawa iko kwenye ua, alisema mwenye deni hajakimbia na kaburi la mumewe halina miguu. Felicitas aliketi akisikia aibu yake ikisemwa mchana kweupe mbele ya watu, na akashangaa kwamba paa halikuanguka.

"Shida, mama," Mwesiga akasema, sasa akimtazama Felicitas mwenyewe, "ni kwamba tumekupigia tangu Pasaka. Mtu asipopokea, hapa huandikwa kwamba ametoroka. Aliyetoroka faini yake haisimami. Ungekuja, tungezungumza."

"Simu ilikuwa kwenye maharage," Felicitas akasema. Ndilo neno lake la kwanza.

"Wapi?"

"Endelea, mwanangu."

Akaingia kwa meneja, akakaa sana, akatoka. Faini isimame kuanzia leo. Iliyokwisha kuhesabiwa, nusu itafutwa. Kokubanza alipigania yote, akashindwa, akakubali kwa kununa. Alipe kidogo kila mwezi kwa kadiri ya ndizi zilizobaki, na kiasi kikubwa kisubiri kahawa zivunwe, zipelekwe chama cha msingi cha ushirika kwa bei halali.

"Na wale wa Bukoba," Felicitas akauliza wakiwa wanaaga, "wanaosema wanazungumza nanyi kwa niaba ya watu?"

Mwesiga akapangusa pua. "Wapo wateja wetu waliotuambia wamewalipa. Tunasubiri hiyo simu mpaka leo."

Walipotoka nje Felicitas alisimama barabarani, akavuta pumzi mpaka kitenge kikapanda mabega. Deni lilikuwa bado lipo, na alijua uzito wake. Lakini lilikuwa limetoka kifuani likakaa kichwani, na mzigo wa kichwani mwanamke wa Buganguzi anajua kuubeba. Mkopo wa simu ulikuwa mdogo. Aliuza mbuzi mmoja, akaumaliza juma lile.

Jioni akampigia Nancy, akamweleza mwenyewe. Alitegemea kilio. Nancy akapumua kwa nguvu upande wa pili. "Mama, mimi nilidhani umenikasirikia. Nakupigia tangu wakati ule, hupokei. Nimemwuliza mume wangu, nimemkosea nini mama?" Felicitas akakitazama kile chungu. Hakuwa amefikiria kwamba waliofukiwa mle walikuwa wawili, Mwesiga na binti yake.

Mwezi wa kumi na moja senene wakashuka. Maua yalikuwa yameshapukutika na punje za kijani zimeshika tawi, ndogo kama vichwa vya njiti. Felicitas alikamata, akanyonyoa mabawa, akakaanga kwa chumvi ya kutosha, akamwita wifi yake barazani. Wakati wa mama zao, mwanamke alikamata senene na kukaanga, na wanaume ndio waliokula. Mwanamke alibaki na harufu mkononi.

"Huu ndio ujira wako," akamwambia. "Mshenga hulipwa baadaye."

Kokubanza akajaza kiganja, akatafuna, akafumba macho. "Ildefons angetuona," akasema.

"Angesema nini?"

"Angeuliza kama tumembakizia." Akanyoosha mkono tena kwenye sahani. "Tusimbakizie. Ila nasema hivi, wifi: Nancy akibatiza mtoto, chinja kuku."

"Nitachinja mbuzi."

"Kuku, Felicitas."

"Mbuzi mdogo," Felicitas akasema, akainua shingo yake, akamsogezea sahani.